Shajara ya kalafati: kipindi cha kwanza, Matondoni

Siku ya 1

Kusi limelegea. Miezi mitatu bahari ilikuwa haishikiki, na ndiyo maana vyombo vingi viko juu mchangani: wenyewe huvipandisha wakati huu vikaguliwe, vipigwe kalafati na kupakwa deheni, ili demani ikitulia virudi majini. Msimu wa kazi ya fundi ndio msimu wa kazi yetu. Tuna wiki tano, tukijaliwa.

Tuko watatu. Binamu yangu ndiye mwenye kamera. Rafiki yetu wa Langoni, mwalimu wa fizikia aliye likizo, anaandika masimulizi na kutukatiza kila tukisema jambo lisilo sawa. Mimi nashika sauti, na shajara pia, kwa kuwa wenzangu wameikataa.

Tunachotengeneza ni makala ya runinga ya dakika 24 kuhusu fundi wa kalafati, mtu anayeziba mianya ya mbao ili mashua isivuje. Ni ya kwanza katika nne za kazi ambazo watu wa bara hawazijui: baada yake daktari wa punda hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kisha walinzi wa mayai ya kasa, kisha Ngomeni na maroketi yake. Kituo kimoja cha Nairobi kimesema kitaitazama hii kwanza ndipo kiseme lolote kuhusu nyingine. Katika barua yao kulikuwa na agizo: mtazamaji atiwe roho juu tangu dakika ya kwanza.

Agizo hilo nalijua linakotoka. Discovery ilianza kurusha matangazo Marekani mwaka 1985, na sisi tuliokulia kwenye dishi la jirani tunaijua kanuni hiyo kwa moyo: muziki wa ngoma, mtu kakunja uso, sauti nzito ikiuliza kama watawahi, kisha tangazo la sabuni. Ukirudi, wamewahi. Nilizipenda mno programu hizo na bado nazipenda. Ila nilipomwambia fundi kwamba tutahitaji hatari kidogo mwanzoni, aliniangalia kama mtu aliyeombwa pilipili ndani ya halua.

Siku ya 2

Tumefika Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani humu, kwa miguu, mizigo juu ya punda wawili. Mmoja alilala chini katikati ya njia na begi la lenzi mgongoni. Lenzi ni nzima.

Leo hatukupiga picha. Tumekaa tu kutazama, nami naandika nilichokiona kabla sijakizoea.

Fundi hukaa kitako mchangani chini ya ubavu wa mashua, mguu mmoja kaunyosha. Pembeni ana sufuria ya mafuta na donge la pamba. Huchomoa pamba kidogo, akaiviringisha juu ya paja mpaka ikawa kamba nene kama kidole cha mwisho, akaichovya, akaikamua kwa vidole viwili. Kisha huitegesha kwenye mwanya, huku mkono wa kushoto ukiwa na patasi butu isiyokata kitu, na wa kulia nyundo ya mti. Hapigi kwa nguvu. Kwanza huipachika pamba hapa na pale isianguke, ndipo hurudi mwanzo kuishindilia, shubiri kwa shubiri.

Nilichokuwa sikukijua ni kwamba haangalii. Macho yake yalikuwa kwa wajukuu, kwa punda wetu, kwa mtu aliyekuwa akipita na samaki. Nyundo ikaendelea. Nikamuuliza, "Ami, wajuaje kama pamba imetosha?"

"Sikiza," akasema. Akapiga mwanya mtupu: mlio mpana, wa kuchoka. Akapiga uliojaa nusu: dufu, dufu. Akapiga aliokwisha kuufunga jana, na ubavu mzima ukaitika kwa mlio mmoja mkavu, kama umebisha mlango wa Lamu wa mti mzito. "Chombo chasema. Mato yatakudanganya, rangi huficha." Mato kwa Kiamu ni macho.

Nimerudi Amu nikijua makala haya yatatengenezwa na sikio. Binamu hakufurahi kuambiwa.

Siku ya 3

Sauti ya leo haifai. Upepo wa kusi, hata ukiwa umelegea, unaingia kwenye maikrofoni kama lori. Nimeivika manyoya, nimeificha nyuma ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, nimeifunika kanga ya shangazi. Kinachosikika ni upepo, na nyuma yake mtu anagonga kitu mbali.

Mwalimu ana wazo: tuache kusikiliza hewa, tusikilize mbao. Kuna kidude kiitwacho piezo, kisahani cha madini chembamba kama sarafu kilichogandishwa kauri juu yake. Kimo ndani ya saa za mezani za kuamsha na vinanda vya kuchezea watoto. Ukikitia umeme hulia. Ukikitikisa, kinyume chake, hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio sauti. Ukikibandika ubavuni mwa mashua kitasikia mbao peke yake, upepo upende usipende.

Tumevunja saa mbili mbovu za nyumbani kwao. Nyingine ilikuwa nzima, tumegundua baadaye.

Siku ya 4

Kidude kinafanya kazi lakini kinavuma. Mvumo mzito usiokatika, juu yake ndipo nyundo. Nilidhani ni friza ya samaki ya nyumba ya jirani. Mwalimu kasema sababu ni friza kweli, lakini kosa ni letu: umeme wa Kenya hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na waya wetu ulikuwa mtupu kama uzi wa kuanikia nguo, ukiudaka mvumo huo kutoka hewani. Dawa yake ilikuwa juu ya paa. Waya wa antena ya runinga una wavu wa shaba unaouzunguka waya wa kati, na wavu huo ndio ngao. Tumekata mita tatu za antena ya zamani isiyotumika tangu matangazo yalipohamia dijitali, tumeunga upya, mvumo umekufa.

Napenda kwamba runinga mbovu ndiyo iliyotengeneza runinga.

Jioni nilimvisha fundi vipokea sauti. Akagonga, akasikia mashua yake kwa ndani, akacheka. Akagonga tena mahali pengine, akaacha kucheka, akaweka alama ya makaa. "Hapa pana neno," akasema.

Siku ya 5

Leo nimefanya jambo la aibu, naliandika lisije likapambwa baadaye.

Tulichelewa. Tulipofika, fundi alikuwa amemaliza ubavu wa kulia wote, ule wenye mwanga mzuri wa asubuhi. Binamu alikuwa ametaka kupiga pale fremu 100 kwa sekunde, ambazo zikichezwa 25 humfanya mtu aone pamba ikizama pole pole mara nne. Nikamwomba fundi agonge tena palepale, juu ya pamba iliyokwisha kukaa. Agonge kidogo tu, kwa ajili ya picha.

Aliweka nyundo chini. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mwanangu, pamba hiyo imeshalala. Ukiigonga tena hailali zaidi, hukatika. Chombo hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ana wana."

Nikaomba radhi. Akaniagizia kahawa, jambo lililonizidishia aibu.

Siku ya 6

Mjadala mrefu barazani usiku, tangawizi mbili mbili.

Binamu anasema hakuna ubaya: ubavu wa kushoto bado, tupige huko, kisha katika kuhariri tuseme ni kulia. Nani atajua? Mimi nasema kwenye picha za pole pole kamera yetu hairekodi sauti kabisa, kwa hiyo hata huko tutalazimika kubandika mlio uliochukuliwa wakati mwingine. Tukishaanza kubandika, tutakomea wapi?

Wakubwa wa kazi hii nao hubandika. Katika filamu za wanyama, simba anapigwa picha kwa lenzi ndefu kutoka mbali sana, na hakuna maikrofoni inayoweza kusikia nyayo zake kwa umbali huo. Nyayo unazosikia zimetengenezwa chumbani na mtu mwenye kiatu, mchanga na majani makavu. Si siri, ni fani, na watu hulipwa kwayo. Mwalimu akaleta mfano mchungu zaidi: filamu ya Disney ya mwaka 1958 iliyoonyesha panya wadogo wa baridi, lemming, wakijirusha baharini kwa makundi. Tukio lilipangwa Alberta, Kanada, mahali pasipo na bahari, wanyama wakasukumwa. Filamu ilipata tuzo ya Oscar, na mpaka leo watu wanaamini wanyama hao hujiua. Na mwaka 2011 BBC ilisemwa sana kwa dubu mchanga wa theluji aliyeonekana kama kazaliwa porini, kumbe kazaliwa katika bustani ya wanyama Uholanzi. Wao walijitetea kwamba hawakuficha, walieleza pembeni, na kwamba kuingia tunduni kwa dubu aliyezaa ni kuhatarisha watoto. Utetezi huo naukubali nusu.

Tumekubaliana hivi. Mawimbi, ndege na adhana ya mbali, tunaweza kuzichukua siku yoyote ya pale pale Matondoni. Mlio wa nyundo hapana, kwa sababu mlio huo ndio ushahidi. Picha za pole pole zitakwenda kimya.

Binamu kalala bila kuaga.

Siku ya 9

Bamvua, maji makubwa. Mashua ya kwanza imeshuliwa alfajiri, nyingine ikapandishwa kwa maji hayo hayo. Kadi ikajaa chombo kikiwa nusu majini. Sina zaidi la kusema.

Siku ya 12

Fundi kaenda harusini Faza, siku tatu. Wenye mashua wananung'unika, sisi tunaandika mswada wa Ngomeni.

Huko, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini katika Ghuba ya Ungwana, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mahali palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huipa roketi msukumo mkubwa kuliko kwingine, na mashariki yake ni bahari tupu. Iliyo maarufu ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu ya kusaka miale ya eksirei angani, na mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002.

Tatizo letu: Uhuru haikupiga picha hata moja. Ilikuwa ikijizungusha pole pole na kuhesabu miale. Utaionyeshaje kwenye runinga? Mwalimu anasema tutumie sauti, kila mwale mlio mmoja. Binamu ameuliza kama katika makala zote nne kuna mahali popote tunapomhitaji yeye.

Siku ya 15

Fundi karudi, na ile mashua ya pili ina ugonjwa. Amekwenda ubavu mzima akibisha kwa kirungu cha nyundo, nami nikimfuata na kisahani changu. Karibu na mkuku, mbao moja ya mbambakofi iliyoonekana nzima ilijibu kama boga. Akaichoma kwa ncha ya kisu. Kisu kikazama.

Tumempiga picha mdudu mwenyewe, na hapo binamu amefufuka. Tundu alilopitia ni dogo kama kichwa cha pini, aliingia angali mchanga. Ndani anakua mrefu, mweupe, laini kama mnyoo, lakini si mnyoo: ni wa jamaa ya chaza. Yale magamba mawili ya chaza kwake yamebaki madogo kichwani, na ndiyo patasi yake. Anachonga akisonga mbele, na nyuma yake anapaka tundu chokaa ngumu lisimporomokee. Mbao iliyopasuliwa ilikuwa na njia hizo nyeupe zikipishana, hakuna iliyoingia katika nyingine.

Mwalimu kaja mbio na habari ya Marc Brunel. Mhandisi huyo alimtazama mdudu huyu, akabuni ngao ya chuma ya kulinda wachimbaji wakisonga mbele huku nyuma yao ukuta ukijengwa kwa matofali. Kwa ngao hiyo akapitisha njia chini ya mto Thames, London, iliyofunguliwa 1843. Nimemsimulia fundi. Akamwangalia mdudu, akaniangalia mimi. "Basi huyu kazi kaifunda Ulaya, na huku kaya kula mbao za watu."

Hii inaingia bila kukatwa.

Siku ya 19

Mbao mpya imekaa. Tundu za misumari zimetobolewa kwa keekee, si drili ya umeme. Fundi anasema keekee humwambia mti ulivyo. Kila msumari umeviringwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kupigwa. Kalafati tumeipata yote safari hii, ubavu wenye mwanga, picha na mlio kwa pamoja, bila kumwomba mtu arudie. Lile "hapa pana neno" la siku ya nne lilikuwa msumari uliolegea, nilisahau kuandika.

Siku ya 22

Deheni na sifa. Chini ya mstari wa maji mashua hupakwa shahamu iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, kwa mkono, ikawa nyeupe kama kanzu. Ndiyo ngao dhidi ya mdudu. Juu yake mbao hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa. Kwa bahati runinga haina harufu. Begi la kamera sasa linayo.

Siku ya 24

Harusi ya Faza na mbao ya mdudu zimekula siku zote za akiba. Maji makubwa ni leo na kesho, na yakipita chombo kitakaa juu nusu mwezi zaidi kikikauka juani. Jana usiku fundi na wanawe walipaka deheni kwa tochi. Sikuuliza kama watawahi. Nilikuwa nimebeba ndoo ya chokaa.

Alfajiri palisomwa dua, kamba zikafungwa, watu ishirini na kitu wakashika. Mashua ikagoma mara mbili juu ya magogo, mara ya tatu ikateleza kwa mpigo mmoja, watoto wakarukia ndani kabla haijaelea. Kadi ilikuwa tupu na betri imejaa.

Na ikavuja. Nilijua itavuja, maana fundi alisema, lakini moyo ulinishuka nilipoona maji yakichuruzika kati ya mbao kama machozi. Mbao iliyokaa juani wiki mbili imesinyaa. Ikirudi majini hunywa, na mti unaponywa hufura kwa upana, kwa urefu hauongezeki karibu kitu, mpaka maji yaliyomo yafike kama asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Mbao hufura dhidi ya mbao, pamba kati yao inabanwa na chombo kinajifunga chenyewe. Kalafati ni nusu ya kazi, bahari inamaliza.

Mwalimu akakumbuka mashua iliyoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, Flipflopi, mita 9, imevikwa kandambili kama 30,000. Ilishuliwa 2018, na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Unguja. Plastiki hainywi maji wala haifuri, kwa hiyo mafundi wale hawakuwa na bahari ya kuwasaidia. Hilo ni makala jingine.

Usiku tumelala chomboni. Kisahani nimekibandika kwenye taruma, mbavu ya ndani ya chombo, kikirekodi dakika moja kila saa, na binamu akifua maji kwa upo. Saa nne usiku: matone yakifuatana kama mvua ya kwanza juu ya makuti. Saa saba: tone, kimya cha kuhesabu tatu, tone. Saa kumi na moja nilihesabu mpaka arubaini na moja kati ya tone na tone. Binamu alikuwa amesinzia na upo mkononi, hakuna cha kufua.

Siku ya 33

Kuhariri. Makala ina dakika 26, mbili zimezidi. Picha za pole pole za nyundo zimekwenda kimya kama tulivyokubaliana, na kimya hicho, kikija baada ya milio, ni kizuri kuliko chochote ambacho ningebandika. Binamu amekiri hilo kwa mdomo wake, mbele ya shahidi.

Maandishi ya chini tumeweka pale tu fundi anapoongea Kiamu kizito. "Mai" na "mato" tumeyaacha yalivyo, mtazamaji ana akili.

Siku ya 36

Kituo kimejibu. Wamempenda mdudu. Wanataka muziki wakati wa kushua, na wanataka usiku wa matone, ambao sisi tumeupa sekunde 50 juu ya giza na taa moja ya chemli, upunguzwe uwe sekunde nne.

Nimejibu: muziki hapana, palikuwa na watu wakiimba. Matone, 35.

Wamesema kumi. Nimesema 30, na nimewatumia faili la sauti peke yake, nikawaomba walisikilize usiku, taa zikiwa zimezimwa. Bado sijajibiwa.